Watu Waliousoma Ukurasa Wetu

Shemeji Deo,

Nakuandikia nikiwa bandarini Mwanza. Jiwe lako la kaburi limekaa pembeni yangu kwenye benchi, limeviringishwa blanketi la dada yangu na kufungwa kamba ya katani, kama mgonjwa anayesafirishwa. Watu wanalitazama. Mama mmoja mwenye tenga la nyanya ameniuliza, "Baba, huyo mwenzio anakwenda wapi?" Nikamwambia ni jiwe la shemeji yangu, linakwenda Kagera kwenye kibanja cha migomba cha baba yake, misa ya kutimiza mwaka ni Jumapili. Akanipa pole. Nikaongeza kwamba nimelibeba peke yangu begani kutoka kwa fundi mpaka hapa. Uongo. Tulikuwa watu watatu na toroli, na mimi nilishika kamba tu. Lakini unanijua, nikiwa na wasiwasi mdomo unanitangulia.

Dada Kabula, mkeo, ametangulia kwa basi pamoja na Koku binti yenu, wakafagie na kupika. Mimi nimekabidhiwa jiwe. Meli inaondoka jioni na sasa jua ndiyo kwanza liko utosini. Nimekaa, nimesimama, nimekwenda kuangalia maji, nimerudi, nimelegeza kamba nikaangalia maandishi, nimeifunga tena. Mara tatu nimefanya hivyo. Ndipo nikatoa daftari. Ndiyo, lile lile letu, jalada la bluu lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Lilikuwa na kurasa nne tupu mwishoni. Nikasema acha nizimalize na wewe mwenyewe.

Ngoja nianze mwanzo hata kama unaujua. Nimeisimulia habari hii kwa miaka mingi, kwenye vijiwe, harusini, kwa kinyozi, na kila mara imekuwa ikinenepa. Leo nataka niisimulie ilivyokuwa, na wewe ndiye mtu pekee niliyeshindwa kumdanganya. Au nilidhani nilishindwa. Tutafika hapo.

Mimi nilikuwa fundi redio pale Mirongo. Darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nilifika kwa sababu mwalimu alichoka kuniona la sita. Wewe ulikuwa karani wa masjala, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Mama Salome alikuwa amefungua intaneti kafe, kompyuta sita na feni moja, na stabilaiza yake ikaungua. Nikaitengeneza. Huwa nawaambia watu niliitengeneza kwa kijiko na karatasi ya sigara. Ilikuwa fyuzi, shemeji. Fyuzi tu. Akasema kila Jumamosi asubuhi nije nikae saa moja bure, mimi na mtu mmoja nimpendaye. Nikakuchagua wewe kwa sababu ulijua Kiingereza, na kwa sababu ulikuwa umemwoa dada yangu na nilitaka nikuchunguze.

Nimekuwa nikisema kwamba ukurasa mmoja ulichukua saa nne kufunguka, nikaenda Ukerewe nikarudi, bado. Sawa, sawa. Zilikuwa dakika kumi. Lakini dakika kumi za kutazama kioo cheupe ni ndefu kuliko Ukerewe.

Ukampata yule mwalimu wa ng'ambo aliyeweka masomo yake bure, namna ya kujenga ukurasa wa mtandao. Somo la kwanza, la pili, la tatu. Kwenye la tatu akasema: nenda ukaangalie kazi za wenzako. Akatuelekeza kwa mzee mmoja wa nchi ya theluji aliyekuwa na ukurasa wa njiwa wake. Tukaufungua. Kichwa cha njiwa kikaanza kushuka mstari kwa mstari, kikafika shingoni, ukaangalia saa ukutani ukasema, "Shemeji, njiwa huyu atatumaliza. Zima picha." Tukazima picha, tukabaki na maneno. Kumbuka hapo. Kwa sababu hiyo hatukuona kilichokuwa chini kabisa ya ukurasa ule.

Kisha ukabonyeza pale mwalimu aliposema, na ukurasa ukapasuka kama sato kwenye ubao wa kuparia, matumbo yote nje. Alama, vimabano vyenye ncha, maneno yasiyosemeka. Wewe uliguna kama mtu aliyeonjeshwa asali. Mimi niliona uchafu. Lakini nilikuwa na mwandiko, hilo hata wewe ulikubali. Disketi za Mama Salome zilikuwa zinaugua virusi, basi ukasoma wewe, nikaandika mimi, herufi moja moja, kwenye daftari hili.

Mara ya kwanza niliruka kimabano kimoja. Nilidhani ni kinyesi cha inzi juu ya kioo. Jumamosi iliyofuata tukaandika yote kwenye kompyuta, tukafungua, kioo kitupu! Saa nzima ikaenda kutafuta kinyesi cha inzi. Ulipokipata hukunigombeza, ulivua miwani ukaifuta, na hilo lilikuwa baya kuliko kugombezwa. Ukatunga sheria: "Shemeji, usiruke hata nukta. Hata kama huelewi, andika." Ikawa dini yetu. Sikuruka nukta tena.

Tukatoa maneno ya njiwa, tukaweka yetu. Maneno yalikuwa yangu, alama zilikuwa zako. Nilisimulia juu ya mawe yaliyobebana pale ziwani, ambayo babu yangu aliyapanga, na juu ya yule sangara aliyeivuta ngalawa yangu kutoka Igogo mpaka Ukerewe, nikashuka, nikamshukuru, akarudi zake. Ukaandika Kiswahili juu na Kiingereza chini. Hukubadilisha kitu. Ulinitazama tu juu ya miwani ukauliza, "Alijibu nini ulipomshukuru?"

Tukaupandisha mtandaoni. Wiki moja baadaye Mama Salome akapata laini yenye kasi, ukasema leo tufungue na picha zote, tuone sura ya mtoto wetu. Ukafunguka. Chini kabisa palikuwa na kiboksi cheusi chenye namba za kijani zinazohesabu watu waliofungua ukurasa. 41,306.

Ulisimama kiti kikaanguka. "Waitu shemeji! Watu elfu arobaini na moja wamefika kwetu!" Mimi nikasema, "Ni sangara huyo." Mama Salome akaja, akainama, akasoma, akasema hata kanisani kwao hawajawahi kujaa hivyo. Jumamosi ya pili ukamleta Kabula, kavaa kitenge cha Pasaka, akaweka kiganja kwenye kioo kama anayempima mtoto homa, akasoma habari ya sangara mpaka mwisho akasema, "Huyu kaka yangu ameuvusha uongo wake hadi Ulaya." Lakini alikuwa anacheka, na macho yake yalikuwa kwako.

Sasa ndipo pale, shemeji. Nimesimama tena nikaenda kunywa maji. Nimerudi.

Jumamosi ya tatu ulikuwa na malaria, nikaenda peke yangu. Sikuwa na la kufanya, nikamkumbuka njiwa ambaye tulimwacha shingoni. Nikaufungua ukurasa wa yule mzee, na picha zake zote. Njiwa akashuka mpaka miguuni, mzuri kweli, na chini ya miguu yake kuna kiboksi cheusi chenye namba za kijani. Zile zile. Nikapandwa na hasira! Nikasema mzungu huyu ametuibia watu wetu. Nilitaka nimwite Mama Salome awe shahidi. Nikafungua wetu, namba imeongezeka moja. Nikarudi kwa njiwa, imeongezeka nyingine. Wetu, moja. Njiwa, moja. Nilifanya hivyo mpaka vidole vikawa baridi. Mimi sikujua kompyuta, lakini ni fundi, na fundi anajua maana ya swichi mbili na taa moja.

Nikafungua daftari. Mstari wa tatu kutoka mwisho, ulioita kile kiboksi. Jina la mzee wa njiwa, kwa mwandiko wangu mzuri, herufi kwa herufi, nukta kwa nukta. Wale watu elfu arobaini walikuwa wa njiwa. Kila mtu duniani aliyefungua kuangalia njiwa alihesabiwa, na sisi tulikuwa tunachungulia hesabu yake kupitia dirisha lake.

Hicho ndicho kitu pekee nilichowahi kukigundua kwenye kompyuta kwa akili yangu mwenyewe, bila wewe. Na ndicho pekee ambacho sikumwambia mtu.

Maana nilikimbia kuja kukwambia, shemeji. Kutoka Mirongo mpaka Igogo sikusalimia mtu. Nikakukuta umekaa mlangoni, shuka mabegani, umekonda kwa homa, na uso wako unawaka. Ukanitangulia. "Shemeji, nimeacha kazi. Barua nimepeleka juzi. Nimepata chumba pale Mirongo, nitafundisha watu. Watu elfu arobaini hawawezi kukosea." Kabula alikuwa ndani anakaanga dagaa, anaimba.

Nikasema, "Hongera."

Nimesema uongo mrefu mwingi maishani. Huo ulikuwa wa neno moja.

Kilichofuata unakijua. Chumba chenye benchi na kompyuta tatu kuukuu ambazo nilikuwa nazifufua kila Jumatatu. Makarani, mabinti wa sekondari, yule mwuza mitumba aliyejifunza mpaka akakushinda. Miaka ya dhiki, miaka ya nafuu. Kuna miaka dada yangu alishona nguo za watu ili nyumba ipate kula, akiwa na mume aliyekuwa na mshahara akauacha kwa sababu ya njiwa, na mimi nikila kwenye sahani yake huku najua. Sijui kama nilikunyang'anya maisha au nilikupa. Nimelipindua jambo hili kama redio isiyo na kasoro inayokataa kusema. Ningesema siku ile, ungerudi ofisini ukachukue barua yako? Ungestaafu ukaagwa kwa saa ya ukutani? Au ungefungua chumba hata kama wangekuwa watu watatu? Sijui. Na sasa wa kumuuliza ni jiwe.

Mwaka huu umebadilisha mambo. Chumba chako sasa kinauza makava ya simu, lakini ukisimama upande wa jua maandishi yako ukutani bado yanasomeka chini ya rangi. Koku anaandika programu akiwa nyumbani kwake Ilemela, anafanyia kazi watu asiowahi kuonana nao, miguu ameitumbukiza kwenye beseni la maji ya baridi, joto likizidi. Amenifungulia masomo kwenye simu yangu. Ukurasa unafunguka kabla sijavaa miwani, hata kusubiri kumekufa. Niko somo la tatu. Kijiweni nimesema la thelathini.

Na wewe uliondoka asubuhi ya Jumanne ukiwa umeinama kufunga kamba za viatu, kiatu kimoja kimefungwa, kingine wazi. Kabula alikifunga hicho kingine kabla hajaita watu.

Kwenye mazishi wakanipa mimi nisome wasifu wa marehemu. Ulikuwa umeandikwa vizuri, ukurasa mmoja, kuzaliwa, shule, ndoa, watoto. Nikaona umekuwa mfupi. Nikaona watu wanapiga miayo. Kwa hiyo nikaiacha karatasi nikasema kwa sauti yangu yote kwamba huyu ndiye aliyeandika ukurasa uliosomwa na watu elfu arobaini na moja mia tatu na sita. Waombolezaji wakaguna. Katekista akairudia namba ile kwenye sala. Ilikwisha. Namba ikitajwa mbele ya jeneza haibishaniwi tena.

Basi juzi nampelekea fundi wa mawe soda, nakuta anachonga. Jina lako tayari, tarehe tayari, na chini yake, maneno ya Koku kwa mkono wa fundi: UKURASA WAKE ULISOMWA NA WATU. Na hapo mbele patasi imeshaweka 4. Nilipiga ukelele akadhani nimekanyaga msumari. "Mzee, umepatwa na nini?" Nikamwambia asimame, namba si sahihi. Akauliza sahihi ni ngapi. Nikamwomba alifute hilo 4. Akanitazama kwa huruma. "Mzee, jiwe si ubao wa shule. Kilichoingia kimeingia. Nikilifuta nitaacha shimo, na shimo kwenye kaburi watu watalisemea vibaya."

Nikaenda kwa Kabula. Koku alikuwepo, anakunja sare za kwaya. Nikasema yote, kuanzia njiwa. Na unajua kilichotokea, shemeji? Hawakuniamini!

Dada yangu aliweka mikono kiunoni. "Masanja, tangu mama atuzae hujawahi kupunguza kitu. Leo mume wangu yuko kaburini ndiyo unaanza kupunguza?" Koku akasema kwa upole, na upole ule ulichoma zaidi: "Mjomba, njiwa? Kweli kabisa unataka niamini njiwa?" Nikaapa kwa mama yetu. Kabula akasema kwa mama niliapa pia juu ya sangara.

Nimekaa na uongo miaka yote hiyo ukaaminiwa na kila mtu mpaka na kanisa. Na siku niliyobeba ukweli, mzima, bila chumvi, mlango umefungwa. Nilitoka nje, nikazunguka nyumba mara mbili, kuku wakanikimbia. Ndipo nikakumbuka daftari. Lilikuwa kwenye sanduku lako la zana. Nikampa Koku, nikamwonyesha mstari wa tatu kutoka mwisho.

Akasoma. Yeye hasomi kama mimi, kwake si uchafu. Niliona macho yake yakienda mpaka mwisho wa mstari, yakarudi mwanzo, yakakaa. Akakaa na yeye, juu ya zile sare. "Mama," akasema, "ni kweli. Kihesabio kilikuwa cha mtu mwingine."

Kabula hakulia. Aliingia jikoni akasugua sufuria lililokuwa safi. Nikasema kutoka mlangoni, dada, nilijua siku ile ile aliyoacha kazi, nikanyamaza. Hakugeuka. Alisema, "Nenda nyumbani, Masanja." Nikaenda. Hiyo ilikuwa juzi.

Jana asubuhi alikuja mwenyewe kwangu, kavaa kanga mbili, hajala. Akasimama uani akanyoosha vidole. "Mimi niliusoma mpaka mwisho. Wewe uliusoma. Mama Salome aliusoma. Na mwenye ukurasa. Nina hakika na hao, nitaapa mbele ya padri. Ni wangapi?"

Nikataka kusema watano, shemeji. Mungu ananiona. Nilikuwa na wa tano tayari mdomoni, nahodha mmoja wa meli. Nikammeza.

"Wanne," nikasema.

"Basi mwambie fundi amemaliza kazi."

Ndivyo lilivyo hapa pembeni yangu. Jina, tarehe, na chini: UKURASA WAKE ULISOMWA NA WATU 4. Pana nafasi kubwa baada ya hiyo namba, nimeipima kwa kiganja. Fundi alitaka aweke ua pale. Kabula akakataa, akasema paachwe.

Lakini kuna kitu kimenishika hapa bandarini, ndicho kinachonifanya nisitulie. Nimejaribu kukumbuka, ni lini wewe mwenyewe uliitaja ile namba? Mimi niliitaja kila mahali, ukiwa umekaa hapo hapo. Wewe ulikuwa unafuta miwani. Na darasani, wageni wote uliwaanzia na sentensi moja: "Kabla hujanakili kitu cha mtu, soma kwanza unanakili nini." Uliiacha lini ile sheria yetu ya kuandika hata usichoelewa? Shemeji, ulijua? Kama ulijua, ulijua tangu mwaka gani, na ulikaa vipi ukinisikiliza nikipiga kelele harusini bila kunivuta shati? Ulikuwa unanitunzia mimi, kama nilivyodhani nakutunzia wewe? Nauliza tu. Najua hutajibu. Hata sangara hakujibu.

Wameanza kuita abiria. Yule mama wa nyanya ameniambia vijana wake wawili watanisaidia kulipandisha jiwe. Nilitaka kumwambia sihitaji. Nimemwambia asante.

Jumapili baada ya misa, kibanjani kwenu, wataniambia niseme machache, maana wananipenda nikisema. Watu wenu ni wasomi, watakuja na miwani na suti, watasoma jiwe, watageukiana. Mmoja atacheka, namjua. Nakuahidi mbele ya daftari hili: nitasema wanne, na nitawataja kwa majina. Wakicheka nitasubiri wamalize. Kisha nitasema wanne tena.

Wabeja, asante, Deo. Kiatu chako kimefungwa vizuri, dada yangu alihakikisha. Lala.

Shemeji yako,
Masanja